Sukuma ya kwenye viroba inakuwa njano wiki ya tatu, mbolea ya dukani sijagusa. Faida ya bustani asilia iko wapi?

#1 Kichanga
Wadau, salaam. Kila siku tunaambiwa bustani ya nyumbani isiyo na mbolea ya dukani ni mboga safi, gharama ndogo, unachuma maji yakiwa yanachemka jikoni. Sawa. Naleta upande wa pili.

Viroba 6 vya kilo 50, viko uani juu ya sakafu ya saruji, Mbezi. Kila kiroba: ndoo 3 za lita 10 za udongo mwekundu, ndoo 2 za mbolea ya kuku, ndoo 1 ya mchanga. Miche 4 juu, 12 kwenye matundu ya ubavuni. Maji ya kisima, lita 5 asubuhi na lita 5 jioni kwa kila kiroba. Leo siku ya 21 tangu nihamishie miche: majani njano, mashina kama njiti za kibiriti. Jirani kaweka urea kijiko kimoja tu, sukuma yake inameta. Nani anadanganya hapa?

#2 Bwana Mboji
Kabla hujailaumu asili, jibu matatu. Njano imeanzia majani ya chini au ya juu? Jani limepauka lote au mishipa imebaki kijani? Na hiyo mbolea ni ya banda la maranda, la pumba au la waya?

Njano inayoanzia chini, jani zima, ni njaa ya nitrojeni: mmea unaivua kwenye jani zee na kulipa jani changa. Ikianzia juu na mishipa ikabaki kijani, ni madini ya chuma, na mara nyingi mkosaji ni jivu lililozidi. Ikianzia chini lakini mishipa ikabaki kijani, fikiria magnesiamu.

#3 Jangwani Mpaka Kieleweke
Kijani na njano? Hiyo sukuma haiumwi mkuu, imekata kadi ya Yanga.

#4 Mnyama Halisi
Afadhali ingekuwa nyekundu.

#5 Bwana Mboji
Ikiwa nyekundu ya kwenda zambarau chini ya jani ndiyo balaa zaidi, hapo fosforasi haifiki. Bustanini hatutaki jezi ya timu yoyote.

#6 Kichanga
Imeanzia chini, jani zima. Miche ya matundu ya chini ya kiroba ndiyo mibaya zaidi. Mbolea ni ya banda la kuku wa nyama, maranda tupu, ilikaa kwenye mfuko wiki 2 kabla ya kuchanganya.

#7 Bwana Mboji
Basi nimeshaona. Maranda yana kaboni kama 400 kwa nitrojeni 1. Kinyesi kitupu cha kuku ni kama 10 kwa 1. Lundo la mboji linaiva vizuri likianzia 25 mpaka 30 kwa 1. Wewe umeweka maranda yenye kinyesi cha kupaka tu, vijidudu vya udongo vinayala hayo maranda na kila chembe ya nitrojeni vinaishika vyenyewe. Miche inabaki inatazama. Nitrojeni imo kirobani, ila imefungwa, itaachiwa maranda yakishaoza, baada ya miezi kadhaa. Urea ya jirani imepita juu ya foleni hiyo, ndiyo maana inameta.

#8 Mama Kitalu
Bwana Mboji, umekimbilia kaboni ukaacha kilicho wazi. Wiki 2 mfukoni si kuiva, hapo imehifadhiwa tu. Ndoo 2 katika 6 ni theluthi nzima ya mbolea ya kuku mbichi! Mbolea ya kuku hata iliyoiva haizidi ndoo 1 katika 8 au 10. Samadi ya ng'ombe iliyooza ndiyo unaweza kwenda ndoo 1 katika 3. Hapa amonia na chumvi za kinyesi zimechoma ncha za mizizi, na mzizi uliochomwa hauwezi kunyonya hata kama umelala juu ya nitrojeni.

Kipimo cha kujua kama mchanganyiko umeiva, fanyeni kabla ya kupanda kitu chochote:
Chukua makopo mawili. Moja jaza mchanganyiko wako, jingine udongo mtupu. Kila kopo mbegu 20 za mchicha, zifunike na udongo mwembamba, nusu sentimita tu. Mchicha huota siku ya 3 mpaka ya 5. Kopo la mchanganyiko likiotesha nusu ya lile jingine, au miche ikatoka na ncha za mizizi za kahawia, hiyo mbolea bado. Kingine: loanisha kiganja kimoja, tia kwenye chupa, funga siku moja, fungua unuse. Ikikupiga puani kama choo cha stendi, irudishe kwenye lundo.

#9 Mpwani
Wote mnazunguka kisima. Maji ya visima vya Dar, hasa mitaa ya karibu na bahari, mengi yana chumvi. Lita 10 kwa siku kwa siku 21 ni lita 210 kwa kiroba kimoja, kiroba chenyewe kinabeba udongo lita 60. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki. Kichanga, angalia ukingo wa kiroba na kuzunguka matundu, kuna unga mweupe?

#10 Kichanga
Upo. Nilidhani ukungu.

#11 Mpwani
Nimemaliza kazi yangu.

#12 Mama Kitalu
Hujamaliza. Chumvi ya maji huanza kwa kukausha kingo za jani, zinakuwa kahawia kama zimepitishwa motoni. Yeye kasema jani zima limepauka. Na sukuma si legelege hivyo kwa chumvi, imo ukoo mmoja na kabichi. Wanaoanguka wa kwanza ni maharage, karoti na vitunguu. Spinachi na bitiruti ndio wavumilivu. Kama Mpwani ana hakika, Kichanga apande maharage 10 kwenye kiroba hichohicho na 10 kwenye kopo analomwagilia maji ya mvua. Ya kiroba yakiungua kingo jani la kweli la kwanza likiwa bado changa, nitamvulia kofia.

#13 Wa Kitengela
Habari zenu, nawasoma kutoka Kenya. Hapa kwetu tunaita bustani ya gunia na swali langu ni moja: katikati ya gunia kuna mawe? Mtoa mada hajataja mawe popote.

Gunia la miche ya ubavuni linahitaji nguzo ya mawe katikati. Chukua mkebe wa kilo 2 uliotolewa kitako, usimamishe katikati, ujaze kokoto za ukubwa wa yai, zungushia udongo wako wa mboji kando yake, kisha vuta mkebe juu na urudie mpaka gunia lijae. Maji unamwaga juu ya mawe, yanagawanyika kila upande. Bila mawe, maji ya juu yanaishia sentimita 20 za kwanza na miche ya chini inakufa kiu. Ndiyo maana yake ya chini ni mibaya zaidi.

#14 Tabaka la Chini
Wa Kitengela uko sawa kwenye mawe, ila umegeuza sababu. Kiroba kiko juu ya saruji. Kitako chake kimelala bapa, hakuna pa kutokea maji. Udongo mwekundu ndoo 3 na mchanga ndoo 1 unashikana kama tofali. Sehemu ya chini haina kiu, imezama. Mzizi uliokosa hewa hauli nitrojeni, na vijidudu visivyo na hewa vinaipuliza nitrojeni yenyewe ipotee. Dalili ni hiyohiyo: njano kuanzia chini.

Chomeka nondo ya milimita 8 kwenye tundu la chini kabisa, iache dakika 5, ichomoe, nusa. Harufu ya yai bovu, ni mimi. Vumbi kavu, ni Wa Kitengela. Dawa ya kwangu: inua kiroba juu ya matofali mawili, toboa matundu 6 ya ukubwa wa kidole sentimita 3 kutoka chini. Usitoboe kitako chenyewe, kitaziba.

#15 Jangwani Mpaka Kieleweke
Kiroba kimoja, madaktari watano, magonjwa matano. Marehemu ataombewa lini?

#16 Mzee wa Marejea
Ongeza la sita. Huo udongo mwekundu ulichotwa wapi? Kama palikuwa na nyanya, bamia au bilinganya, umebeba minyoo fundo. Ng'oa mche mmoja, osha mzizi kwenye ndoo bila kusugua. Ukikuta vinundu kama shanga ambavyo ni sehemu ya mzizi wenyewe, havibanduki kwa ukucha, hao ndio. (Vinundu vya kunde na maharage hubanduka, hivyo ni rafiki, msije mkatupa kunde zenu.) Udongo huo utandazwe juu ya turubai unene wa sentimita 5 na kukaushwa jua kali wiki mbili, ukigeuzwa, au shambani pandwe marejea (mmea wa jamii ya kunde) msimu mmoja na kuifukia ikianza kutoa maua. Bangi mwitu nayo inasaidia.

#17 Mnyama Halisi
Bangi mwitu uani Mbezi, halafu ueleze kwa mjumbe.

#18 Mzee wa Marejea
Ni magugu ya harufu kali, jina tu. Mjumbe mwenyewe analo nyuma ya nyumba.

#19 Hesabu Kwanza
Turudi kwenye swali la mtoa mada, faida iko wapi. Kiroba chenye miche 16 ya sukuma iliyoshika vizuri: chuma majani 2 au 3 ya chini kwa mche kwa wiki, ukiacha 5 juu. Chukua majani 2 tu, ni 32 kwa wiki, fungu 3 au 4 kutegemea muuzaji wa kwenu ana mkono gani. Viroba 6 ni fungu 18 na kitu kwa wiki. Familia ya watu 5 haimalizi. Kwa hiyo kosa la kwanza la kiuchumi ni kupanda sukuma viroba 6. Weka 2 vya sukuma, 1 matembele, 1 mchicha, 1 bamia na kimoja cha viungo: giligilani, mchaichai, vitunguu majani. Viungo ndivyo vinavyookoa hela kwa kila lita ya udongo, kwa sababu sokoni unanunua fungu zima, unatumia robo, robo tatu inaozea kwenye friji.

Gharama iliyosahaulika ni maji. Lita 60 kwa siku, viroba 6. Kwa wa maji ya bomba au boza, hiyo ndiyo inayokula faida. Matandazo ya majani makavu unene wa sentimita 5 juu ya kiroba yanapunguza sana, na hakuna anayeyaweka.

Kingine: kiroba chenyewe. Sandarusi haipendi jua, baada ya miezi 6 mpaka 12 inabomoka vipande na kuchanganyika na udongo. Anayesema mradi ni wa bure hajabadilisha viroba bado.

#20 Dada Afya
Mnahesabu mafungu tu. Faida kubwa ni kujua mboga imemwagiliwa nini na imepuliziwa lini. Mboga za bonde la Msimbazi zimeshapimwa zikakutwa na madini mazito kama risasi. Hiyo haitoki kwa kuosha, imo ndani ya jani. Ogani ya nyumbani unalala usingizi.

#21 Mwenye Cheti
Dada Afya, neno "ogani" lina mwenyewe. Kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilitoka 2012 na bila nembo ya Kilimohai huruhusiwi kujiita.

#22 Bwana Mboji
Ni 2007, si 2012. Namba yake ni EAS 456, na nembo ya Kilimohai ilikuja nayo. Halafu hiyo ni habari ya kuuza. Mtu anayekula mchicha wake uani haombi nembo kwa mtu.

#23 Mwenye Cheti
2007, nakubali. Hoja ya pili sikubali sana, maana anayeanza kula ndiye kesho anawauzia majirani akiita ogani, na mbolea ya kuku yenyewe hajui kuku walilishwa nini.

#24 Mama Kitalu
Na Dada Afya, usingizi huo ulale jicho moja wazi. Risasi haiulizi kama mbolea ni ya asili. Udongo uliochotwa kando ya barabara kuu, karibu na gereji, au mahali palipovunjwa betri za gari, ni uleule wa bondeni. Samadi mbichi nayo ina vimelea vya tumbo. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, siku 90 kama haigusi. Mchicha unang'olewa siku 21 mpaka 30. Piga hesabu mwenyewe. Kwa mboga za majani samadi lazima iwe imepitia lundo: upana mita 1, kimo mita 1, joto la 55 mpaka 65 kwa siku tatu au zaidi, igeuzwe ili ya nje iingie ndani. Bila kipimajoto, chomeka kijiti kirefu mpaka katikati, subiri dakika 10, kishike. Kikikushinda kukishika, joto lipo. Kikitoka kavu, mwagia. Kikitoka baridi kabla ya wiki ya 3, lundo dogo au halina kijani cha kutosha.

#25 Asiye na Haya
Sasa niseme lile ambalo mnaliogopa. Nitrojeni ya bure iko kwenye miili yenu. Mkojo wa mtu mzima mwenye afya, kopo 1 kwa makopo 3 ya maji, mwagia kila siku.

#26 Jangwani Mpaka Kieleweke
Nilijua uzi utafika huku.

#27 Bwana Mboji
Mcheke, lakini hajakosea, kakosea vipimo. Kwa kiroba, kopo 1 kwa makopo 10 ya maji, mara moja kwa wiki, nusu lita ya mchanganyiko kwa mche, kwenye udongo, si kwenye majani. Kila siku kwa 1:3 ni kurudia kosa la amonia alilolitaja Mama Kitalu kwa njia nyingine. Na acha mwezi mzima kati ya kumwagia mara ya mwisho na kuchuma, kwa hiyo kwa sukuma inayochumwa kila wiki mlango huo umefungwa. Afaidi mgomba na papai.

#28 Mpwani
Na mkojo una chumvi. Kwenye kiroba chenye unga mweupe tayari? Mtamuua mgonjwa.

#29 Sukuma Twende
Samahani natoka nje kidogo. Vidukari wamejaa chini ya majani. Mtu kaniambia nichemshe tumbaku, wengine mwarobaini na sabuni ya unga. Kipi?

#30 Mzee wa Marejea
Tumbaku acha. Nikotini ni ya asili na inapita kwenye ngozi yako, halafu tumbaku inaweza kuhamishia nyanya ugonjwa wa virusi. Sabuni ya unga inaunguza majani, tumia kipande cha sabuni ya mche kilichokunwa, kijiko 1 cha chai kwa lita.

Mwarobaini: kokwa zilizobanguliwa gramu 50 kwa lita 1, twanga, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni hiyo, puliza jioni chini ya majani, rudia baada ya siku 7. Jioni kwa sababu jua linaiua nguvu yake. Tumia siku hiyohiyo. Usitegemee wadudu waanguke palepale, inawakatisha kula na kujivua gamba, utaona tofauti siku ya 3 au 4. Kokwa zikikosekana, majani mabichi kilo 1 kwa lita 5, ni dhaifu zaidi. Ukiona mende wadogo wekundu wenye madoa meusi, usipulize hapo, hao wanawala vidukari kwa niaba yako.

#31 Wa Kitengela
Kwa kantangaze, yule nondo wa nyanya, hiyo inafanya? Huku ametuchosha.

#32 Mzee wa Marejea
Kidogo sana, kiwavi wake anaishi ndani ya jani. Chuma majani yenye mabaka uyafunge kwenye mfuko mweusi juani. Huyo ameingia Tanzania 2014 na hajaaga.

#33 Kichanga
Nimerudi. Nimeng'oa miche miwili ya chini na mmoja wa juu. Vinundu hakuna. Mzizi wa chini ncha zake ni za kahawia, mieupe michache. Nondo imetoka na tope, harufu ipo ila si ya yai bovu, ni kama mkojo wa mbuzi. Wa juu mzizi ni mzuri lakini majani yake njano pia. Na jirani: nimemuuliza, anamwagilia maji ya bomba.

#34 Mpwani
ANAMWAGILIA MAJI YA BOMBA. Urea ya jirani haithibitishi kitu.

#35 Bwana Mboji
Haithibitishi chumvi pia. Mzizi wa juu mzima na jani njano: huo haujachomwa wala kuzama. Ni njaa. Fanya hivi: kiroba A mwagia chai ya majani ya alizeti pori (ndoo ya lita 20, majani yaliyokatwa kilo 3, maji yajaze, siku 10, koroga kila siku, kisha 1 kwa 2 za maji, lita 1 kwa mche mara mbili kwa wiki). Kiroba B usiguse. Angalia majani mapya siku ya 7, ya zamani hayatarudi kijani.

#36 Mpwani
Kiroba C apitishe maji ya bomba lita 120 kwa siku moja, taratibu, yatoke chini, yaoshe chumvi.

#37 Bwana Mboji
Yataosha na nitrojeni kidogo iliyobaki, C itazidi kuwa njano, na wewe utasema chumvi imetoka ila mmea ulishaumia.

#38 Tabaka la Chini
Na chini hapatokei maji, lita 120 zitaenda wapi? Kwanza matofali.

#39 Mama Kitalu
Harufu ya mkojo wa mbuzi ndiyo amonia. Nilisema #8.

#40 Hesabu Kwanza
Kabla ya kumwaga lita 120, huo unga mweupe ujulikane ni nini. Kwangua kijiko, kamulia limau. Ukitoa povu ni chokaa, usipotoa ni chumvi.

#41 Mnyama Halisi
Si alambe tu?

#42 Mama Kitalu
Asilambe, ni mavi ya kuku.

#43 Kichanga
Limau limetoa povu. Kidogo.

#44 Mpwani
Kidogo kiasi gani? Chumvi na chokaa vinaweza kukaa pamoja.

#45 Bwana Mboji
Na chakula cha kuku kina chokaa. Povu linaweza kuwa limetoka bandani, si kisimani. Weka limau kwenye unga wa kiroba cha jirani pia.

#46 Kichanga
Jirani amelala. Matofali nimepata manne, viroba ni sita.